Nyumba ya Mchungaji Ina Mashahidi: Hoja juu ya Uadilifu wa Viongozi wa Kanisa

Kila zinapozagaa habari za kiongozi wa kanisa anayempiga mkewe au aliyeitelekeza familia, husikika utetezi ule ule: mambo ya nyumbani hayahusiani na madhabahu. Utetezi huo una ukoo mkubwa. Akibishana na Wadonati wa Afrika ya Kaskazini, Augustino alishikilia kwamba sakramenti ni ya Kristo, wala haibatiliki kwa uovu wa anayeihudumia. Walutheri waliliandika fundisho hilo katika kifungu cha 8 cha Ungamo la Augsburg (1530), na Waanglikana katika kifungu cha 26 cha Vifungu 39. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ni kwamba wanaokitaja kifungu cha 26 hukikatia njiani. Sehemu yake ya pili inaagiza wahudumu waovu wachunguzwe, washtakiwe na wanaoyajua makosa yao, na wakipatikana na hatia waondolewe. Na ni nani ayajuaye makosa ya mchungaji kuliko mkewe, wanawe na binti anayewapikia?

Upande wa pili wapo wanaoisoma 1 Timotheo 3:4-5 kama mtihani wa watoto: binti akipata mimba kabla ya ndoa, baba avue kola. Hao nao siwaungi mkono. Eli na Samweli wote walikuwa na wana wapotovu. Wa Samweli walikula rushwa. Hata hivyo hukumu iliyoiangukia nyumba ya Eli haikumpata Samweli. Sababu imetajwa katika 1 Samweli 3:13: Eli alijua, asiwazuie. Aliwakemea kwa maneno, kisha akawaacha waendelee kuhudumu. Kwa maoni yangu, kinachomwondolea kiongozi sifa si kuwa na mtoto mkaidi, bali ni kuufumbia macho uovu anaoujua.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940. Wapendwa, yaani wafuasi wa Uamsho huo, walitaka mtu atembee nuruni, na nuru hiyo iliingia hadi jikoni: waume waliwaomba wake zao radhi, na walioiba walirudisha mali za watu. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972. Inasemekana aligombana na mkewe, Mera, muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Roho akimwambia arudi wapatane. Akajitetea: watu wananingoja, nitayamaliza nikirudi. Akajibiwa: haya, nenda kahubiri, mimi nabaki hapa na mkeo. Kisa hiki hakimwonyeshi mume asiye na ila. Kinaonyesha kwamba lalamiko la mke lilikuwa na uwezo wa kuusimamisha mkutano wa injili, na mhubiri alilitambua hilo.

Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012 juu ya Uamsho, ameonyesha jinsi maungamo ya hadharani yalivyowaudhi waliokuwa wakijenga heshima ya kabila: siri za nyumba zilimwagwa barabarani. Ni kweli, na baadhi ya wapendwa walivuka mipaka. Lakini tuulize siri hizo zilikuwa zikimlinda nani. Nadhani mara nyingi zilimlinda mwenye nyumba.

Wengine watahofia wasingiziaji. Hilo 1 Timotheo 5:19 imeshalijibu kwa kudai mashahidi wawili au watatu, na nyumba nyingi za wachungaji zina zaidi ya hao. Shida ni kwamba hawaulizwi, na wakisema watalipia. Nyumba ni ya usharika, mshahara ni wa mume, na mama mchungaji anayefungua kinywa leo anaweza kukosa pa kulala kesho. Katika hali hiyo, ukimya wake hauwezi kuhesabiwa kuwa ushuhuda mwema.

Kwa hiyo halmashauri za dayosisi ziweke utaratibu: kabla ya mchungaji kubarikiwa, na kabla ya kila uhamisho wake, mke asikilizwe peke yake na wazee wa kanisa wanawake wasio chini ya mumewe, na atengewe makazi na posho endapo atalazimika kuondoka. Kanisa lisilomsikiliza mke wa mchungaji halijamchunguza mchungaji.