Mbu wa Mtungini na Virusi vya Kusini

Lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambalo ndani yake zilikuwamo Nachingwea na sehemu ambayo leo ni wilaya ya Ruangwa, lina nafasi katika historia ya tiba ambayo haitajwi inavyostahili, kwa kuwa ni huko, kati ya mwaka 1952 na 1953, ambako homa ngeni iliwaangusha wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, na watafiti wakaamua kupima damu ya wagonjwa pamoja na mbu waliokamatwa majumbani mwao. Ugonjwa huo, ulioanza ghafla kwa joto kali la mwili, vipele, na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu mzima ashindwe kunyooka, ulipewa jina la Kimakonde ambalo sasa linatumika duniani kote: chikungunya.

Marion Robinson, daktari aliyeandika dalili za ugonjwa huo, alibaini kwamba kwa kumtazama mgonjwa tu isingewezekana kuitenganisha homa hiyo na dengue, na kwa sababu hiyo jibu lilipaswa kutafutwa maabara. W. H. R. Lumsden alichunguza namna ugonjwa ulivyosambaa, ilhali R. W. Ross alishughulikia kirusi chenyewe, na kazi yao ilitegemea Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation ili kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wa Entebbe walikwisha kuzoea kumpima mbu bila kungoja mgonjwa: kirusi cha Semliki kilipatikana kwa mbu wa msituni mwaka 1942, na kile cha Zika, kilichogunduliwa kwa kima mwaka 1947, kilionekana kwa mbu mwaka uliofuata.

Kwa kuwa kirusi hakionekani kwa hadubini ya kawaida, na hakizaliani ila ndani ya chembe hai, mbu waliokamatwa walisagwa, majimaji yao yakadungwa katika ubongo wa panya wachanga, kisha panya hao wakaangaliwa kama wangeugua. Kwa njia hiyo Ross alikipata kirusi kilekile katika damu ya wagonjwa na katika mbu, hasa Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana.

Kwamba mbu huyo alistawi katika nchi kame ni jambo linaloshangaza mpaka maisha ya uwanda ule yaeleweke, maana maji yalikuwa adimu, wanawake wakayafuata mabondeni, na yaliyopatikana yakatunzwa mitungini ndani ya nyumba. Mbu jike hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, na maji yakiongezwa yakayafikia, huanguliwa. Vivyo hivyo, Lamu, nchini Kenya, ilipokumbwa na ukame mwaka 2004, na watu wakalimbikiza maji majumbani, chikungunya ilizuka, ikafika Mombasa, Komoro, na hatimaye Réunion, ambako iliwaambukiza zaidi ya watu 200,000.

Leo nafasi ya panya wachanga imechukuliwa na vipimo vya vinasaba. Mbu hunaswa kwa mitego, huhifadhiwa kwenye baridi ili vinasaba vya kirusi visiharibike, hutenganishwa kwa jamii, mahali na tarehe, kisha hupimwa kwa mafungu, hivyo fungu likionekana na kirusi, hujulikana limetoka mtaa gani.

Katika wilaya kama Nachingwea na Ruangwa, ambako malaria imekuwa mzigo mkubwa kwa vizazi, ni rahisi kila homa kudhaniwa kuwa malaria, na chandarua, ambacho ni kinga bora dhidi ya Anopheles, mbu wa malaria aumaye usiku, hakimzuii Aedes wa saa nne asubuhi. Ruangwa yenyewe ilionyesha mwezi Julai 2022 jinsi dalili zinavyoweza kupotosha: homa iliyoambatana na kutokwa damu puani iliwapata watu 20, watatu wakafariki, vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vikaonyesha kuwa hawana magonjwa hayo, ndipo ikathibitika kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, inayosababishwa na bakteria wanaotoka hasa katika mkojo wa panya na wanyama wengine.

Safari hiyo mbu hakuhusika. Hata hivyo, ndoo, mapipa, matairi chakavu na vifuu vya nazi vinavyoshika maji baada ya mvua vipo uani katika miji hii, na anayetaka kujua kama kirusi cha mwaka 1953 kimo katika mbu wa hapo hana budi kuanzia huko, mchana, akiwa na mtego na sanduku la barafu.