Chicago ilikuwa ya Donahue, akaja Oprah

Januari 2, 1984, kituo cha WLS-TV cha Chicago kilimweka hewani mtangazaji mpya wa kipindi chake cha asubuhi, AM Chicago. Kilikuwa kipindi cha nusu saa kilichokuwa kikivuta mkia. Mtangazaji mwenyewe alikuwa mwanamke mweusi wa miaka 29, mzaliwa wa Mississippi, aliyetokea Baltimore: Oprah Winfrey. Saa hiyohiyo, kwenye kituo kingine cha mjini humo, alikuwa akionekana Phil Donahue, mfalme wa vipindi vya mazungumzo Marekani nzima.

Ndani ya mwezi mmoja Oprah alikuwa amempita.

Ili kuona ukubwa wa tukio hilo, turudi Dayton, Ohio, Novemba 1967. Donahue alipewa saa iliyokuwa ya kipindi cha burudani, lakini tiketi za kukaa studio zilikuwa zimeshagawiwa. Wenye tiketi, wengi wao akina mama wa nyumbani, walifika kama kawaida, wakaachwa wakae. Mgeni wa siku ya kwanza alikuwa Madalyn Murray O'Hair, mkana Mungu aliyechukiwa na wengi kwa kesi yake ya kupinga sala katika shule za serikali. Donahue akagundua kwamba wakati wa matangazo ya biashara wanawake wale walimuuliza mgeni maswali makali kuliko ya kwake. Basi akashuka na maikrofoni, akawa anapanda na kushuka kati ya viti, akimpa huyu nafasi, kisha yule. Vipindi vya mchana vilikuwa vimewazoesha akina mama mapishi na mitindo; yeye aliwapa siasa, dini na ugomvi wa ndoa, tena akawaachia waseme. Mwaka 1974 alihamishia kipindi Chicago, na huko ndiko kilikonawiri.

Oprah hakuja na sifa za kutisha. Baltimore alianza mwaka 1976 kama msomaji wa taarifa ya habari ya jioni, akaondolewa kitini baada ya miezi michache. Mwaka 1978 wakampa kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, People Are Talking, akiendesha na Richard Sher, na hapo ndipo alipojipata. Alipoitwa Chicago alimweleza meneja wa WLS, Dennis Swanson, kwamba kila mtu anamwambia hatamuweza Donahue. Swanson akamjibu kwamba hakumwajiri amshinde Donahue. Abaki vilevile alivyo.

Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko mshahara. Maikrofoni iliyotembea kati ya watazamaji Oprah aliirithi kwa Donahue kama ilivyo, na hakuwahi kulificha hilo. Tofauti ilikuwa kwa mwenye kuishika. Donahue alihoji kama mwandishi wa habari, akimbana mgeni kwa hoja. Oprah alizungumza kama shoga wa nyumba ya pili: alicheka, alilia, alishika mtu mkono. Katika kipindi kimoja kuhusu watoto wanaodhulumiwa kingono, alijikuta akisema hewani kwamba naye alibakwa akiwa na miaka 9. Swali la kumtoa mtu siri ya namna hiyo Donahue hakuwa nalo.

Mwanzoni mwa 1985 Donahue alihamia New York, alikokuwa mkewe, mwigizaji Marlo Thomas. Wapo waliosema amekimbia, jambo lisilo la haki kwake. Septemba mwaka huohuo kipindi cha mpinzani wake, ambacho sasa kilikuwa cha saa nzima, kikapewa jina la mwenyewe: The Oprah Winfrey Show.

Ikabaki hesabu. Mhakiki wa filamu Roger Ebert alisimulia kwamba, wakiwa mgahawani, alimwandikia Oprah hesabu kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alichukua pato lake mwenyewe la mwaka kwa kipindi chake cha televisheni, akazidisha kwa 2 kwa kuwa mtangazaji mwenzake, Gene Siskel, alilipwa sawa naye, kwa 2 tena kwa kuwa kipindi cha Oprah ni cha saa nzima, kwa 5 kwa siku za juma, na kwa 2 kwa wingi wa watazamaji. Jumla ni mara 40. Oprah akakubali kipindi chake kiuzwe nchi nzima kupitia kampuni ya King World, na Septemba 8, 1986 kikaruka katika vituo zaidi ya 130.

Donahue alihimili miaka kumi mingine. Alijaribu hata vituko, ikiwemo kuvaa sketi mbele ya kamera, na haikumpendeza. Kipindi chake kilifungwa mwaka 1996, baada ya miaka 29. Cha Oprah kiliendelea hadi Mei 25, 2011. Donahue alifariki Agosti 18, 2024 akiwa na miaka 88, na Oprah akasema hadharani kwamba bila kipindi cha Donahue cha kwake kisingekuwepo.