Simu Yako, Karao na Sheria: Vile Unaweza Kufuatwa

Desemba 2024, vijana kadhaa waliokuwa wanapost vitu za kumchekelea Rais walitekwa nyara. Mmoja alichukuliwa Embu. Waliachiliwa Januari 2025. Tangu hapo, mpaka msee wa Timau anauliza: serikali inaweza kunicheki kwa simu? Ndio, na si lazima isome meseji zako.

Laini
Laini yako imesajiliwa na kitambulisho chako. Ukipiga simu, kampuni inabaki na rekodi: ulipigia nani, saa ngapi, kupitia mnara gani. WhatsApp na Signal zinaficha maneno, hazifichi mnara. Ukitoka Timau uende maandamano Nanyuki ama Meru, minara inaonyesha umehama.

Sheria
Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yako. Sheria ya NIS ya 2012 inataka majasusi wapate kibali cha jaji wa Mahakama Kuu. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 nayo inapeleka polisi kortini kuomba kibali cha kupekua simu. Noma ni kwamba kibali kinaweza kutolewa na wewe huna habari.

Simu ikishikwa
Mei 2025, makarao walishika watengenezaji filamu wanne Nairobi juu ya filamu ya BBC, Blood Parliament. Wao waliachiliwa, simu zikabaki na polisi hadi Julai. Watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walipozipima, walipata FlexiSPY kwa simu mbili. Hiyo programu inasoma meseji, inafuata lokesheni na inaweza kuwasha maiki. Ikishaingia, hata Signal haikuokoi, juu inaona kile wewe unaona.

Kaa rada
• Tumia PIN ndefu. Zima alama ya kidole kabla ya maandamano, juu kidole kinaweza kulazimishwa.
• Weka meseji zijifute zenyewe.
• Kama si lazima ubebe simu, iache home.
• Andika namba ya wakili kwa karatasi ama mkono.
• Ukishikwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza, kuongea na wakili, na kupelekwa kortini ndani ya saa 24.
• Simu ikirudishwa, usiiwashe na usiifute. Ipeleke kwanza kwa mtaalamu aipime. Ukiifuta, ushahidi umeenda.