Kujisokota kwa korodani

Kujisokota kwa korodani ni dharura inayotokea korodani inapozunguka kwenye kamba yake na kubana mishipa ya damu iliyomo ndani ya kamba hiyo. Vena, zenye kuta laini, huziba kwanza: damu huingia isitoke, korodani huvimba, kisha ateri nayo hushindwa kupitisha damu. Hali hii huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 18, na pia watoto wachanga. Wengi wao wamezaliwa na korodani isiyoshikamana vyema na ukuta wa pumbu, ikawa inaning'inia kama ulimi wa kengele.

Maumivu huanza ghafla, upande mmoja, mara nyingi usingizini, na huja na kichefuchefu na kutapika. Korodani hupanda juu au hulala kiubavu. Kwa aibu, wavulana wengine hutaja tumbo la chini tu, ndiyo maana tabibu anayempima kijana mwenye maumivu ya tumbo hana budi kumkagua na sehemu za siri.

Mgonjwa akipasuliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, karibu kila korodani huokolewa. Zikifika saa 12, huokolewa takribani nusu. Baada ya saa 24, chache sana. Kwa familia ya Lusu, kata ya wilaya ya Nzega mkoani Tabora, hesabu hiyo ni ngumu. Kijana aliyeamshwa na maumivu saa 8 usiku, akaambiwa asubiri kupambazuke, saa 2 asubuhi muda wake bora umekwisha, hata kabla ya kupata pikipiki ya kumfikisha Nzega mjini. Akipewa rufaa ya hospitali ya Kitete, Tabora, kuna zaidi ya kilomita 100 mbele yake. Wengine hucheleweshwa na dawa za chango au ngiri, wengine na vidonge vya maambukizi. Busha, ambalo watu wengi wanalifahamu, huvimba polepole na kwa kawaida haliumi. Lakini mwenye uvimbe wenye maumivu ya ghafla apelekwe moja kwa moja penye chumba cha upasuaji. Ultrasaundi husaidia, lakini dalili zikiwa wazi isimcheleweshe daktari.

Katika upasuaji korodani hunyooshwa na kushonewa mahali pake, iliyokufa huondolewa. Ya upande wa pili nayo hushonwa, kwa sababu kasoro ya kuzaliwa huwa aghalabu pande zote mbili.

Kuhusu uzazi, seli zinazotengeneza mbegu hufa mapema kuliko zile zinazotoa homoni ya kiume. Hivyo korodani iliyookolewa kwa kuchelewa inaweza kuendelea kutoa homoni huku ikisinyaa na kutoa mbegu chache. Damu inaporudi huleta pia kemikali zinazojeruhi tishu. Hata hivyo, wanaume wengi waliobaki na korodani moja nzima huzaa, ingawa baadhi yao hupungukiwa mbegu. Ndoa isipopata mtoto, lawama humwangukia mke kwanza, na hilo ni dhuluma: mume naye aulizwe kama aliwahi kupata maumivu hayo utotoni, na apimwe shahawa. Kwa aliyepasuliwa karibuni, kipimo hicho kisubiri miezi 3 hivi, kwa kuwa mbegu moja huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa.