Bandama ya Mtoto: Utafiti wa Kitabibu Kitui na Makueni tangu Miaka ya 1950

Bandama ni kiungo kidogo kinachochuja damu, kilichojificha chini ya mbavu za kushoto. Ya mtoto mwenye afya haiguswi kwa vidole. Inapovimba hushuka kuelekea kitovuni, na mara nyingi ini nalo hupanuka upande wa kulia, tumbo likajaa huku mikono na miguu ya mtoto ikizidi kukonda. Ukambani, eneo la Wakamba linalojumuisha Kitui na Makueni, hali hii ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba iliwaleta watafiti kizazi baada ya kizazi. Kuanzia kata ya Matinyani na vilima vya Kitui, kuvuka Mto Athi hadi Kibwezi na Kambu upande wa Makueni, magonjwa manne yaliweza kuleta uvimbe huohuo: malaria, kala-azar, kichocho cha tumbo, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Kazi kubwa ya utafiti ilikuwa kujua ni lipi hasa lililo ndani ya tumbo la mtoto fulani, na kwa muda mrefu chombo kikuu cha kujibu swali hilo kilikuwa mkono wa daktari.

Kupima bandama kwa mkono kulianzia mbali. Mwaka 1848 daktari Mwingereza T. E. Dempster aliwapapasa watoto wa vijiji vya kando ya mifereji ya maji huko India, akatumia idadi ya waliovimba bandama kama kipimo cha malaria ya mahali. Mwaka 1944 L. W. Hackett alipanga madaraja yanayotumika hadi leo, kuanzia 0, bandama isiyoguswa, hadi 5, iliyoteremka mbali chini ya kitovu. Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza, gumu kulifanya sawasawa. Mtoto hulala chali amekunja magoti, huvuta pumzi, na mpimaji hupandisha vidole taratibu kutoka kinenani kuelekea mbavuni hadi aguse ukingo. Kisha hupima kwa utepe sentimita zilizopita ubavu, na kuandika kama kiungo ni laini, kigumu kiasi au kigumu kabisa. Wapimaji wawili wanaweza kumpapasa mtoto mmoja wakaandika namba mbili tofauti, ndiyo maana tafiti makini ziliwatumia wapimaji walewale mwaka hadi mwaka.

Utafiti mkubwa wa kwanza Kitui ulisababishwa na kala-azar. Vimelea vyake vilitambuliwa mwaka 1903 na William Leishman na Charles Donovan, na nchini Kenya ugonjwa ulijulikana kwanza miongoni mwa wanajeshi waliopigana kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka ya mwanzo ya 1950 ulilipuka Kitui. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba askari Wakamba wa King's African Rifles walirudi nao nyumbani, ingawa maelezo ya aina hiyo hukubalika upesi kuliko yanavyothibitishwa. R. B. Heisch, wa idara ya serikali iliyoshughulikia magonjwa yanayoenezwa na wadudu, alichapisha uchunguzi wa mlipuko huo mwaka 1954.

Swali lililowashughulisha Heisch na wenzake lilikuwa la mdudu anayeueneza ugonjwa, yaani usubi wa mchanga. Usubi wa mchanga ni mdogo kuliko mbu, hauvumi, na mchana hauonekani. Mahali ulipojificha palikuwa mbele ya macho ya kila mtu: vichuguu. Kichuguu kikubwa kilichozeeka huwa na matundu ya hewa yanayoshuka hadi ndani, na mle hubaki unyevu na ubaridi hata nje jua likiwa kali. Mwaka 1962 Heisch, pamoja na Wijers na Minter, walitoa hoja katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba mwenezaji ni aina iitwayo Phlebotomus martini, inayoishi humo. Mwaka huohuo Southgate na Oriedo walionyesha jinsi wagonjwa wa Kitui walivyokusanyika karibu na vichuguu vya aina hiyo. Kwa mkulima wa Kitui, kichuguu kilikuwa sehemu ya boma, mahali ambapo watoto hucheza na wazee hukaa jioni, na saa hizo za jioni ndizo usubi hutoka.

Kuthibitisha kala-azar kulihitaji sindano. Daktari aliichoma bandama yenyewe, akavuta tone la majimaji na kuvitafuta vimelea kwa darubini. Kipimo hicho ni sahihi lakini kina hatari ya kuvuja damu ndani, na hakiwezi kufanyiwa shule nzima. Matibabu nayo yalikuwa sindano za dawa ya antimoni kila siku kwa wiki kadhaa, jambo lililomlazimu mzazi kuhamia hospitalini pamoja na mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa ulihamia magharibi hadi Masinga, katika wilaya ya Machakos, na uchunguzi wa vichuguu ukarudiwa huko.

Kichocho kilifungua ukurasa mwingine. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya, akiwemo John Ouma, walifanya kazi Kangundo, wilaya ya Machakos, pamoja na Anthony Butterworth na Robert Sturrock kutoka Uingereza. Waliwatibu watoto wa shule, kisha wakahesabu ni nani anayeambukizwa tena na baada ya muda gani. Waligundua kwamba kinga dhidi ya kichocho hujengeka polepole kadiri mtu anavyokua, kwa hiyo mtoto huambukizwa tena upesi hata akiingia mto uleule anaouingia mtu mzima. Sehemu ya mwili inayolipa gharama ni ini. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama humo, na kwa miaka mingi makovu huizunguka mishipa ya damu. William Symmers aliyaeleza makovu hayo Cairo mwaka 1904, akayafananisha na shina la kiko cha udongo.

Kangundo kulikuwa na kichocho kingi na bandama kubwa chache. Kambu, karibu na barabara ya Mombasa, kulikuwa na watoto wenye bandama na ini vilivyovimba wengi kupita kiasi, ilhali maambukizi ya kichocho hayakuzidi kwa kiwango hicho. Wilaya ya Makueni ilipotengwa kutoka Machakos mwaka 1992, Kambu iliangukia humo, na utafiti ukafuata. Joseph Mwatha, Curtis Kariuki na Gachuhi Kimani wa Kenya walishirikiana na Birgitte Vennervald wa Denmark na David Dunne wa Cambridge.

Hapo ndipo altrasaundi ilipoingia shuleni. Mashine yake, tofauti na ile ya eksrei, haitoi mionzi ya hatari, inabebeka kwenye gari na huendeshwa kwa jenereta. Mtoto hupakwa jeli baridi tumboni, kifaa kikateleza juu ya ngozi, na ini likaonekana kwenye kioo kwa weusi na weupe. Mwaka 1996 wataalamu waliokutana Niamey, mji mkuu wa Niger, walikubaliana namna moja ya kuisoma picha hiyo: ini hulinganishwa na picha za mfano zenye herufi, A ikiwa ini la kawaida, na kuanzia C makovu yanazidi. Juu ya hapo hupimwa urefu wa bandama na upana wa mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini. Mwanaradiolojia Hilda Kadzo alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo Makueni.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, hayakuwa yaliyotarajiwa. Watoto wengi ambao ini na bandama zao zilikuwa kubwa na ngumu mkononi hawakuwa na makovu kwenye kioo. Daktari wa zamani, kwa kupapasa tu, angewaandikia makovu ya Symmers, na angekosea. Ilionekana kwamba kilichovimbisha viungo hivyo ni mwitikio wa kinga wa muda mrefu, wala si makovu. Mwaka huohuo Mark Booth na wenzake walitumia ramani ya nyumba za watoto wa shule moja wakaona kwamba hata ndani ya eneo dogo vile, hatari ya kichocho na ya malaria hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba, na bandama kubwa zilipatikana pale zote mbili zilipokutana. Utafiti wa Shona Wilson wa mwaka 2007 uliitilia nguvu hoja hiyo: malaria sugu na kichocho, vikikaa pamoja, huzidisha uvimbe.

Kulikuwa pia na habari njema. Watoto walipopewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na konokono wanaobeba kichocho wakauawa kwa dawa majini, ini na bandama zilipungua katika muda wa miaka 3. Hilo lilichapishwa mwaka 2005. Vidonge peke yao, mtoto akirudi kwenye mto uleule, visingetoa ushahidi huo.

   

Sababu ya nne ya uvimbe, sumukuvu, ilijulikana kwa vifo. Mwaka 1981 wagonjwa 20 wa manjano walilazwa Machakos, na 12 wakafa. Mahindi yao yalikuwa na sumukuvu. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa zaidi, Makueni na Kitui zikaumia kuliko kwingine: wagonjwa 317, vifo 125. Mvua ilikuta mavuno hayajakauka, na familia zilizohofia njaa na wizi ziliyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghala lenye hewa. Sampuli 350 za mahindi na unga zilizokusanywa sokoni zilionyesha kwamba asilimia 55 zilipita kiwango halali cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilipita 1,000. Kwa wakazi wa kata kama Matinyani, ambako muthokoi na isyo, vyakula vya mahindi, huliwa kila siku, sumu haikuwa kwenye chakula cha anasa ambacho mtu angeweza kukiacha.

Damu ya watoto wa Makueni iliyokuwa imehifadhiwa kwa ajili ya kichocho na malaria ikapata kazi mpya. Yun Yun Gong, Christopher Wild na wenzao wa Kenya na Cambridge walipima alama ya sumukuvu katika damu ya watoto 218 wa shule za Yumbuni na Matangini, iliyotolewa mwaka 2002 na 2004. Mwaka 2012 walichapisha kwamba mtoto mwenye sumu nyingi alielekea zaidi kuwa na ini gumu lililopanuka, hata baada ya malaria na kichocho kuzingatiwa. Sehemu ya damu hiyo ilitolewa kabla ya balaa la 2004, ikimaanisha kwamba watoto walikuwa wakila sumu kidogo kidogo bila mtu kuugua kiasi cha kutangazwa.

Mwaka 2007 Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walikuwa wametambua kwamba ukungu uliosababisha vifo vya 2004 ni wa jamii ya Aspergillus flavus yenye uwezo mkubwa wa kutengeneza sumu. Kutokana na kazi ya aina hiyo ilitengenezwa kinga ya kinyume chake, Aflasafe: ukungu wa jamii hiyohiyo usiotoa sumu, unaopakwa kwenye mbegu za mtama na kumwagwa shambani ili uwahi nafasi ya ule mbaya. Aina ya Kenya hutengenezwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, Machakos, na hutumiwa mahindi yakiwa bado shambani, wiki 2 hadi 3 kabla hayajachanua.