Konrodi ndefu au fupi? Hesabu iliyoanza 1955

Leo tuziache kompyuta kidogo, tufungue injini. Wajenzi wa injini za mbio Marekani wamerithishana ubishi mmoja kwa miaka mingi: konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, iwe ndefu au fupi? Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nilipoifuata historia ya ubishi huu nikakuta kisa tunachokijua sana sisi: uamuzi wa zamani unaombana kila anayekuja baadaye.

Mwaka 1955, wahandisi wa Chevrolet chini ya Ed Cole walitoa injini ndogo ya V8 yenye ujazo wa inchi 265. Kutoka katikati ya kranki hadi juu ya bloku kulikuwa na inchi 9.025, na konrodi ilikuwa ya inchi 5.7. Ndani ya kimo hicho lazima vienee vitu vitatu: nusu ya mwendo wa pistoni, konrodi, na kimo cha pistoni kutoka kwenye pini hadi kichwani. Jumla yake ni kama inchi 9.0. Ukiongeza kimoja, kingine lazima kipungue.

Sasa tazameni. Injini ya 302 ya Camaro Z/28 (1967): 1.50 + 5.7 + 1.80. Injini ya 350, mwaka huohuo: 1.74 + 5.7 + 1.56. Mwendo uliongezeka, pistoni ikafupishwa, konrodi ikabaki na urefu wake. Halafu 1970 ikaja 400 yenye mwendo wa inchi 3.75. Safari hii kimo cha pistoni kiliachwa 1.56, na konrodi ndiyo iliyopunguzwa hadi 5.565. Wapenda mbio hawakuipenda. Wengi walichukua kranki yake, wakaichonga iingie kwenye bloku ya 350, wakatia konrodi za 5.7. Ndivyo ilivyozaliwa 383 maarufu.

Kwa nini wahangaike hivyo? Smokey Yunick, fundi mashuhuri wa mbio wa Daytona Beach, alishikilia kwamba utie konrodi ndefu kadiri itakavyoenea. Hoja yake ina msingi. Konrodi fupi hulala zaidi kranki inapozunguka, ikaisukuma pistoni kwenye ukuta wa silinda. Kwenye 302 inalala hadi nyuzi 15.3, kwenye 350 nyuzi 17.8, kwenye 400 nyuzi 19.7. Lakini David Reher wa Texas, mjenzi wa injini za mbio za drag, aliona urefu huo ni jambo dogo: kazi ya konrodi ni kuunganisha pistoni na kranki, basi.

Niliandika programu ya mistari michache nione mwenyewe. Kwa mwendo uleule wa 3.75 na kasi ileile ya kranki, nilibadilisha konrodi kutoka 5.565 hadi 6.0. Mchapuko wa pistoni ikiwa kileleni ulipungua kwa asilimia isiyofika 2. Faida ipo, ila ni ndogo. Na ina bei: konrodi ya 6.0 inaiachia pistoni kimo cha 1.125 tu. Pistoni inakuwa nyepesi, sawa, lakini tundu la pini linapanda hadi kwenye mfereji wa ringi ya oili. Kwa gari la kila siku, ringi zisizokaa vizuri zitakusumbua kuliko nyuzi mbili tatu za konrodi.

Kwa hiyo anayejenga injini ya namna hii asianze na konrodi. Aanze na mwendo anaoutaka, kisha achague pistoni ambayo ringi zake zitakaa imara. Inchi zinazobaki ndizo urefu wa konrodi. Pesa zinazobaki aziweke kwenye silinda hedi, maana hewa ndiyo inayoleta nguvu. Kimo cha bloku kilishaamuliwa 1955, na hakuna ubishi utakaokiongeza.

Haya, tuonane wakati mwingine.