Kasoro Nini?

Muulize mtu wa stendi ya Kahama basi linaondoka saa ngapi. Akikujibu "saa mbili kasorobo", hutadhani kwamba saa hiyo ni mbovu. Imepungukiwa robo, basi. Kasorobo ni kasoro na robo zilizoshikamana mdomoni kwa kusemwa harakaharaka, na humo kasoro ingali inafanya kazi yake ya kutoa, kama tulivyofundishwa kutoa katika hesabu.

Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya ufupi na upungufu. Mzizi huohuo umezaa jina la sala ya msafiri, qasr, ambayo rakaa zake nne huswaliwa mbili. Msafiri hadaiwi zile mbili nyingine. Ndiyo maana nalipenda neno hili: lina upungufu ndani yake lakini halina lawama, mpaka sisi tuitie.

Dhahabu inaitunza hesabu hiyo vizuri. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, bei hufuata usafi, nao hupimwa kwa asilimia. Kinachokosekana kufikia mia mara nyingi ni madini ya fedha yaliyotoka ardhini pamoja na dhahabu yenyewe. Sonara yeye huhesabu kwa karati, na kipimo chake kizima ni 24. Pete ya karati 18 ni 24 kasoro 6, na sita hizo zimejazwa madini mengine kwa makusudi, maana dhahabu tupu ni laini mno: hukwaruzika na kupinda kidoleni.

Neno ninaloliogopa ni walakini. Kwa Waarabu ni kiunganishi tu. Sisi tumelifanya nomino. "Yule binti ana walakini." Kasoro ingalau hukubali kuulizwa ni kiasi gani. Walakini ni sentensi iliyokatwa palepale kwenye "lakini", ukaachiwa wewe uimalizie kwa dhana zako. Posa zimevunjika kwa neno hilo bila mtu yeyote kutaja kosa. Ila nayo ni jirani yake. Tunaposema "kizuri hakikosi ila", sikio husikia ile ila ya "wote ila mmoja", ingawa katika Kiarabu hayo yalikuwa maneno mawili tofauti.

Mwadui, Shinyanga, iliniongezea neno la nne. Mwaka 1947, katika mgodi wa John Williamson, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5 (karati za almasi ni za uzito, hazipimi usafi). Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Ilipokatwa na kusuguliwa ilibaki na karati 23.6, yaani 54.5 kasoro 30.9. Hiyo ni kasoro ya mkataji. Rangi ina habari nyingine: waridi wa almasi nyingi za namna hiyo hutokana na fuwele kupindishwa na shinikizo huko chini ya ardhi. Hapo hakuna kilichopungua, kwa hiyo kasoro si jina lake. Jina lake ni kombo.

Shinyanga hiyohiyo, kwenye kituo cha Buhangija, walihifadhiwa watoto wenye ualbino katika miaka ambayo watu kama wao waliwindwa Kanda ya Ziwa kwa ajili ya viungo vyao. Zeruzeru, jina walilokuwa wakiitwa, limeachwa na wengi, na "mtu mwenye ualbino" limeshika mahali pake. Nafurahi. Lakini bado nasikia ikisemwa kwamba mtoto fulani "ana kasoro", kisha msemaji ananyamaza, kana kwamba amemaliza. Huwa namuuliza: kasoro nini? Jibu la kweli ni dogo: kasoro rangi, katika ngozi, nywele na macho. Zaidi ya hapo msemaji hajatoa hesabu yoyote.